Mteja ana maski mdomoni, wewe unamuuzia seramu

Siku niliyojua kwamba nimekuwa kero ilikuwa Jumamosi moja pale soko la Majengo, mwaka 2022. Niko kwenye nyanya nachagua, nikamwona mama mmoja mteja wangu anakuja na kikapu chake, nikainua mkono nimpungie, mama akaniona vizuri tu, akakata kona akaingia upande wa dagaa kama mtu aliyekumbuka kitu. Hakukumbuka kitu. Alikuwa ananikwepa mimi, mtu niliyemkanda uso wiki tatu zilizopita hadi akakoroma.

Nilirudi nyumbani na nyanya zangu roho imesinyaa. Naandika haya kwa sababu napata sana meseji za mabinti wanaoanza kazi ya feshali, yaani kusafisha na kukanda uso, wanaulizia swali moja, nawauziaje wateja bidhaa bila kuonekana nawalazimisha. Kiukweli mi nilijua kulazimisha kwanza ndio nikajua kuuza, na ule ujinga umenigharimu hela na watu, kwa hiyo chukueni bure.

Kazi nilianzia kwenye saluni ya mtu hapa hapa Dodoma, sitaitaja, watu wenyewe tunakutana mjini. Bosi alikuwa na sheria moja tu, kila mteja wa feshali atoke na kopo. Ukiuza chini ya makopo kumi kwa wiki hupati komisheni hata senti, na siku ya mkutano wa Jumatatu jina lako linasomwa mbele ya wenzio. Tulifundishwa maneno ya kusema. Unamwegemeza mteja, unamwashia ile taa yenye kioo cha kukuzia, halafu unaguna. Yaani kuguna kulikuwa sehemu ya mafunzo! "Mmh, dada, hapa mashavuni umeachia sana." Mtu kaja mzima anajipenda, anaondoka anajiona kama barabara ya vumbi ya Nkuhungu. Na anaponunua pale hanunui kwa sababu ameelewa, ananunua kwa sababu umemtia hofu, na hofu huwa inaisha kabla hajafika nyumbani, inabaki hasira.

Nilipofungua fremu yangu mwenyewe Ilazo, nilihama na yale maneno kama mtu anayehama na kunguni kwenye godoro. Kodi nililipa miezi sita kwa mpigo kama ilivyo desturi, nikabaki na laki nne, nikaona haitoshi kujaza kabati, nikaenda kukopa laki tano kwa hawa wakopeshaji wa riba kali, kausha damu, nirudishe laki sita na nusu ndani ya wiki nane. Usinicheke. Nikapanda basi hadi Kariakoo nikarudi na mzigo wa laki tisa, seramu, tona, krimu, nikapanga nikapiga picha nikaweka status. Sasa fikiria mtu mwenye deni la kila wiki ameshika uso wa mtu. Kila anayelala pale kitandani mi nilikuwa naona rejesho la Ijumaa.

Yule mama wa sokoni alikuja mwisho wa mwezi, anafanya kazi wizarani kule Mtumba, alisema amechoka na vikao anataka apumzike tu saa moja. Nikamsafisha, nikamfukiza, nikampaka maski ile inayokauka ikakaza. Ikishakauka unajua hali ilivyo, hata kutabasamu huwezi, ukifungua mdomo inapasuka. Hapo ndipo nilipoanza. Nikaongea dakika ishirini nzima, kuhusu krimu, kuhusu seramu, kuhusu jua la Dodoma, kuhusu shoga yangu mmoja aliyepuuzia. Mama anaitikia "mh". Mi nikahesabu zile "mh" kama ndiyo. Alipoamka makopo matatu yako kwenye mfuko tayari, krimu 35,000, seramu 40,000, tona 18,000, ukijumlisha na feshali 25,000 inakuja 118,000. Akatoa 50,000 mkononi, akatuma 38,000 kwa simu, nikamwambia usijali mama hiyo 30,000 utanipa ukipata. Nikajiona mfanyabiashara mwenye huruma.

Baada ya ile ya sokoni niliumia wiki nzima, mwisho nikampigia. Sikumdai. Nikamwambia mama shikamoo, naona kama nilikukosea, naomba uniambie. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, nilikuja kupumzika nikaondoka na deni." Hakuongeza neno. Nikamwomba msamaha, nikamwambia lile deni limekwisha, na kama makopo hajafungua ayarudishe nimpe hela yake. Akasema nitaangalia. Hakurudisha, na mi sikumuuliza tena.

Ningeishia pale ningekuwa nimejifunza adabu tu, ila kazi nilijifunzia kwa msichana mwingine, na huyo bado nikimkumbuka tumbo linanikata. Alikuwa binti wa chuo, UDOM, ana chunusi na madoa meusi, na mi nikamuuzia sabuni ya uso ya chunusi yenye asidi ya salisiliki pamoja na skrabu ya chembechembe, tumia vyote kila siku mdogo wangu utaniambia. Siku ya nne ananitumia picha, uso mwekundu, umechubuka pembeni ya mdomo, macho yamevimba. Nikamwambia aje nimwone, nikamuuliza taratibu sasa, na usiku unapaka nini? Kimya. Halafu akatoa kwenye pochi kikopo hakina hata lebo, mkorogo, amechanganyiwa na mtu wa mtaani kwao. Alikuwa anapaka miezi nane.

Kwa wasiojua, nyingi ya hizo krimu za kuchubua huwa na steroidi kali, au haidrokwinoni, au zebaki, vitu ambavyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa kwetu. Steroidi ikikaa usoni miezi inafanya ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi. Mi juu ya ngozi hiyo nikaweka asidi na mchanga. Nilimrudishia hela yake yote 42,000, nikampeleka kwa daktari wa ngozi mwenyewe kwa bajaji, nikalipia na kumwona daktari. Na daktari akatueleza kitu ambacho sikukijua, kwamba mtu akiacha steroidi ghafla uso unaweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo, ndio maana wengi wanairudia, kwa hiyo kuacha kunatakiwa kusimamiwa na daktari sio na mtu wa feshali. Tangu siku hiyo nikimwona mtu ana dalili za mkorogo, vidole vya mikono vyeusi kwenye viungo uso mweupe, mishipa inaonekana mashavuni, simuuzii kitu chochote. Naongea naye faraghani, bila kumsema, namwelekeza hospitali. Wengine wanakasirika hawarudi. Sawa.

Lakini ona pale kosa langu lilipokuwa. Sio kwamba nilichagua bidhaa mbovu, ile sabuni ni nzuri hadi leo naiuza. Kosa ni kwamba nilimwongezea mtu vitu juu ya vitu nisivyovijua. Kwa hiyo nikabadilisha mwanzo wa kazi yote. Sasa hivi mteja akipiga simu kupanga siku, namwambia dada njoo na vyote unavyopaka, vitie kwenye mfuko wowote, na kama unaona aibu kuvibeba nipigie picha. Akifika, kabla hajalala, tunakaa kwenye viti viwili tunaangaliana, anamwaga mfuko mezani. Jamani. Mifuko niliyoiona! Mtu ana tona nne. Mtu anasugua uso na sabuni ya kufulia kwa sababu mafuta yanamkera. Mwingine ana seramu nzuri sana ya bei kuliko zangu zote ila imeisha muda mwaka juzi.

Na hapo mara nyingi kazi yangu inakuwa kutoa sio kuongeza. Hii acha, hii na hii zinagombana, hii paka usiku tu, hii imepitwa na wakati angalia hapa chini kuna kialama cha kikopo kimeandikwa 12M, maana yake ukishafungua ni miezi kumi na mbili. Kuna wateja nimewaondoa na vitu viwili kati ya saba na sikuuza hata kimoja siku hiyo. Mwanzo roho ilikuwa inaniuma, nahesabu kodi. Ila hao hao ndio wakirudi wanauliza wenyewe, "sasa dada, wewe ungekuwa mimi ungeongeza nini?" Ukiulizwa swali hilo umeshafika, hapo jibu kwa kifupi na usiharibu.

Maswali ninayouliza ni ya kawaida tu. Unaoga maji gani, ya bomba au kisima, maana maji yetu yana chumvi na kuna ngozi haiyapendi. Asubuhi unapaka nini, usiku unapaka nini, usiku hapo ndio wengi wanaficha kwa hiyo uliza kama vile huna habari. Kuna kitu kiliwahi kukuwasha? Kuna mgeni njiani, au unanyonyesha? Hili usione haya kuliuliza, krimu zenye retinoli mjamzito hapewi. Na la mwisho lilinichukua muda kulizoea: uso kwa mwezi unautengea shilingi ngapi? Mtu akisema elfu kumi, basi usimwonyeshe seramu ya 40,000, umemdhalilisha bure. Elfu kumi inatosha, sabuni laini na mafuta mazuri ya kupaka ngozi ikiwa bado na unyevu. Nimeshawaambia watu kadhaa kwamba vaselini yako ya nyumbani kwa msimu huu inakutosha kabisa mguuni na mikononi, na usoni kama huna chunusi. Haina asilimia ya faida kwangu hiyo, ila ndio ukweli.

Na msimu wenyewe ni huu wa Dodoma bwana, mtu asiyeishi huku hawezi kuelewa. Kuanzia mwezi wa tano mvua hakuna hadi kwenye Novemba Desemba huko, halafu mwezi wa sita na wa saba upepo na baridi ya asubuhi, vumbi, midomo inapasuka. Wateja wangu wengi wamehamia na serikali kutoka Dar, wamekuja na mazoea ya pwani, kule hewa ina unyevu uso unang'aa mafuta saa nne asubuhi, wanaosha na sabuni kali mara tatu kwa siku. Wakifika huku wanaendelea vile vile, ngozi inakakamaa inawasha, wanadhani wamepata aleji ya zabibu. Basi hapo nikimwambia mtu "punguza kuosha, asubuhi maji tu yanatosha", ndani ya wiki mbili anaona tofauti bila kununua kitu, na mi nimepata mteja wa miaka. Ushauri wa bure unaofanya kazi unauza kuliko kuguna.

Sanskrini, krimu ya kukinga jua, nilikuwa nauza kwa maneno ya kwenye kopo, sielewi chochote. Aliyenifundisha ni mteja, kijana mwenye ualbino, alikuja kwa rafiki yake wakati namaliza nyusi, akaona nauza sanskrini akaniuliza mwenyewe unapaka kiasi gani? Nikamwonyesha kitone. Akacheka. Yeye anatumia Kilisun, ile inayotengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kliniki waliwafundisha upakaji. Uso na shingo unachora mistari miwili ya krimu, mmoja kwenye urefu wa kila kidole, vidole viwili, na ukiwa juani unarudia kila baada ya masaa mawili. Nikajiona mjinga na kiduka changu. Siku hizi nikimwambia mtu habari ya sanskrini namwambia na kero zake, kwamba nyingine zinaacha uweupe kwenye ngozi zetu unaonekana kama umepakwa majivu, njoo tujaribu kwenye taya nje kwenye mwanga kabla hujatoa hela. Namwambia pia huyu wa basi la Mtumba anayekaa dirishani kila siku upande ule ule kwamba kioo hakizuii miale yote. Kama ana madoa ya chunusi, seramu ya kuondoa madoa bila sanskrini ni kuteka maji kwa pakacha. Basi, sentensi mbili tatu, nanyamaza.

Kunyamaza ndio kugumu. Kitandani siongelei bidhaa kabisa, hiyo ni sheria. Akiuliza mwenyewe "hii unayopaka ni nini inanukia hivi", namjibu ni krimu fulani, tutaongea ukiamka. Amelala, macho yamefunikwa, uso mtupu, wewe uko juu yake na una mikono yenye krimu, mtu huyo hawezi kukukatalia kwa raha. Akiamka nampa kioo na maji ya kunywa, namwacha ajitazame. Halafu nachukua kikaratasi naandika kitu KIMOJA, jina, bei, kazi yake, na kama kinapatikana famasi kwa bei nafuu naandika pia. Wenzangu wananiambia nimechanganyikiwa. Lakini mtu akienda kulinganisha bei akakuta hukumdanganya, tofauti ya 2,000 anakuachia. Sentensi yangu ya mwisho ni hii: "hata usiponunua leo uso wako uko sawa." Naisema nikiwa tayari nakunja taulo, simwangalii, nisije nikawa kama wapiga debe wa stendi.

Kidogo kuhusu kujaribisha. Nanunua vikopo vidogo vya plastiki, namgawia mtu krimu ya siku tano, anajaribu kwanza nyuma ya sikio siku mbili ndio apeleke usoni. Tumia kijiti safi kuchota, usichovye kidole. Inanigharimu kama 15,000 kwa mwezi hivi. Siku ya tatu namtumia meseji, naulizia uso tu, "umeamkaje, haiwashi?" Sitaji kununua. Nilishawahi kutuma "karibu bado zimebaki mbili tu" na niliona aibu mwenyewe nilipoisoma jioni, zilikuwepo kumi na moja.

Na muwaambie watu muda wa kweli. Ngozi inajibadilisha kwa karibu mwezi mmoja, ukiwa mtu mzima zaidi ya hapo, kwa hiyo madoa hayatoki kwa siku saba, ni wiki nane na kuendelea. Ukimwahidi siku saba siku ya nane unakuwa tapeli.

Hela sasa, maana najua ndio mnataka. Ule mzigo wa laki tisa, karibu nusu uliniozea kabatini. Makopo mengine yalikuwa feki kabisa, nilikuja kugundua maandishi nyuma yana makosa ya herufi, na mengine hayakuwa na alama yoyote ya TBS, shirika la viwango, ambao ndio wanashughulika na vipodozi tangu 2019, siku hizo mi nilikuwa bado nadhani ni TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Niliyatupa. Kausha damu nilimaliza kulipa kwa kuuza friji. Saa hivi naweka bidhaa sita tu, makopo matatu matatu, yakiisha naagiza, na naomba risiti. Wakati wa bunge la bajeti, Aprili hadi Juni mji ukijaa, nauza vizuri. Ila msidanganyike kwamba njia hii ni kama umebonyeza kitufe. Mwezi wa pili mwaka huu niliuza makopo manne, kodi nililipa kwa hela za nyusi na za vijana wanaokuja kutolewa vipele vya ndevu, hao kinyozi jirani ndio ananiletea.

Nimeajiri binti wa kunisaidia, mchangamfu, alitoka saluni fulani nikamjua tu kwa kuguna kwake kwamba tumesoma shule moja. Alhamisi iliyopita mteja kalala na maski imekaza, binti akaanza, "dada kuna seramu hapa, yaani wenzio wote..." Nikamkanyaga mguu chini ya kitanda. Mteja alipoondoka akaniuliza kwa uchungu kabisa, dada si alikuwa ananisikiliza vizuri, tena anaitikia?

Nikamwambia kaa kwenye kiti, legeza kichwa. Nikampaka maski nene hadi kwenye midomo, nikaacha ikauke, nikaanza kumuuzia.